Nusu Kidonge

Umeniuliza kama dawa imenikubali.
Ngoja nikae vizuri, Daktari Ibtihaj,
jibu langu lina mguu mmoja ndani, mmoja nje.

Kabla yako nilikuwa na kanga.
Nikiikaza kipajini mpaka macho yanitoke,
karafuu iliyopondwa ikinichuruzika shingoni,
mapazia yote yameshushwa saa sita mchana,
na jua la Mabela likitafuta tundu la kupenyea.
Kipandauso changu huja na mapambo.
Kwanza viua, ndiyo, viua vya kofia,
vidogo, vyeupe, pembeni mwa jicho la kushoto,
vinashonwa na sindano nisiyoishika.
Mshona kofia nimeshonewa upofu.
Kisha nyundo.
Kisha ndoo kando ya kitanda.
Harusi ya mwanangu Wadhah niliisikia ukutani.

Kwa hiyo sikuja kuisengenya dawa yako.
Kile kidonge cha kuzima, nikikiwahi viua vikiwa vitatu, vinne,
huushika mshipa kama ushikavyo mkono wa mtoto
mnapovuka barabara.
Kifua hubana kidogo. Shingo huwa nzito.
Ulinionya, na ulinipima moyo kwanza, waya tele kifuani,
ukasema: si zaidi ya siku mbili kwa wiki,
ukikizidisha, dawa yenyewe itageuka kichwa.
Nilicheka, kisha nikamkumbuka dada yangu Thuwaiba
aliyetafuna vya kutuliza kama njugu,
viwili kila asubuhi na chai ya maziwa,
hata kichwa chake kikawa hakiumwi ugonjwa tena,
kinalilia kidonge.

Ila hiki cha kila usiku, cha kuzuia,
hiki ndicho kilichonileta.
Kalenda hii hapa, ya duka la mchele:
mwezi wa kwanza siku kumi na mbili za wino mwekundu,
mwezi huu tatu.
Ramadhani nimefunga yote, kasoro mbili.
Kofia tisa nimemaliza, moja imekwenda Nizwa kwa bwana harusi.
Vidole vinatambaa sisimizi, naam,
na soda ina ladha ya msumari.
Hayo ningeyameza, na maji juu, kama ulivyoagiza, kwa ajili ya figo.

Lakini juzi jikoni, mchuzi wa papa unachemka,
nikamwambia binti yangu, nipe
nipe
Mkono ulijua. Ulizunguka, ukachota hewa.
Neno halikuja.
Akanitajia la Kiarabu, upesi, kwa huruma,
nami nikalirudisha kama sarafu ya nchi nyingine.

Mama alizaliwa Wete. Alifika hapa na sanduku moja.
Hakuniachia shamba wala dhahabu,
aliniachia majina ya vitu:
kawa, kibia, mbuzi, kifuu,
na hicho, hicho kilichoning'inia msumarini
kikinitazama kama mgeni aliyesahauliwa salamu.

Saa nane usiku likaja lenyewe.
Upawa.
Niliamka nikaliandika nyuma ya boksi la dawa,
chini ya maneno *weka mbali na watoto*.

Nawe hukunicheka. Ulisema ni dawa, si uzee,
ulisema nisikiache kwa ghafla,
ukachukua kalamu, ukaandika nusu.
Biju wa famasi atanikatia kwa kisu chake kidogo,
ataniuliza habari za kofia yake.
Nusu. Labda viua vitarudi mara moja zaidi kwa mwezi.
Labda mbili. Nikipewa mizani
ningeweka nini upande gani? Sijui.
Siku ya harusi ya binti nataka kuwa na kichwa,
na nikishakuwa nacho nataka kiwe na kitu ndani.

Nimenunua kalamu ya pili.
Nyekundu ni ya kichwa, buluu ni ya maneno.
Leo tarehe nne. Nyekundu, hakuna.
Buluu: kile cha ukindu, cha kufunikia chakula,
nimeshakitaja?
Nimekitaja.