Lugha ya Mbwa Wetu

Kwetu Lukaya, anayesemeshwa Kiswahili ni mbwa.
Sisi watoto tulikuwa na Kiganda cha kutosha,
cha kupigia magoti, cha kuombea chumvi kwa jirani.
Lakini Tebeesigwa
(jina ni kijembe cha Bibi kwa jirani huyohuyo: Hawaaminiki;
limeshapita kwa mbwa watatu)
huambiwa Toka. Kaa. Kamata. Nyamaza.
Maneno makavu, hayana mama wala baba.

Bibi Yunia anayajua kumi na moja.
Nilimhesabia siku moja akichambua maharage.
Yote amri.
Aliyapata bure, kwenye kizuizi cha barabarani,
miaka ile kitambulisho kilipokuwa roho ya pili,
na tangu hapo anaamini wenye lugha hii
huzaliwa wamesimama, wamevaa buti.

Moja kati ya hayo hakuwahi kumpa mbwa.
Panda.
Chuoni nilifundishwa lina maana mbili:
panda mbegu, panda mti.
Nikaandika, nikapata alama zote.
Maana ya tatu ilikuwa nyumbani, haikuletwa kwenye mtihani:
Babu Kezironi, saa kumi jioni, nyuma ya lori la jeshi,
na kiatu kimoja kilichobaki lamini
kana kwamba mguu mmoja ulikataa kutii.

Sasa mimi ndiye mwalimu wa Kiswahili, darasa la nne,
watoto sabini na wawili, vitabu kumi na tisa.
Bibi aliposikia kazi niliyopewa alitema mate pembeni:
"Unawafundisha watoto wa watu kubweka?"

Nilitaka kumjibu kwa hasira ya msomi.
Badala yake nikaanza kunyoosha kidole chumbani.
Lile ni nini? Eddirisa.
Hii? Emmeeza.
Na ile unayonawia? Ssabbuuni.
Na kile cha nyimbo za kanisani? Ekitabo, mjinga wewe.
Nikamwambia, Bibi, hawa wote walikuja kwa miguu,
wakabisha hodi kabla babu yako hajazaliwa,
mkawavalisha irabu zenu kama bi harusi gomesi.
Akanyamaza kitambo.
"Hao ni wetu. Hao hawakuja na bunduki."

Darasani nako inakunjwa upya, kila asubuhi.
Nakiyimba hawezi kuniambia "hapana" tupu;
ulimi wake unaona haya.
"Hapana, nnyabo."
Na shikamoo huitoa akiwa ameshafika sakafuni.
Kitabu kilichapwa na watu wasiojua
kwamba huku sentensi huanzia gotini.

Ssekidde, mama yake huuza kuku wa kijiti kwa madereva wa malori,
anakuja na Kiswahili alichokiokota kando ya barabara:
"Bosi, kuku moto, onja kwanza, bei tutaelewana ndugu yangu."
Nilishika kalamu nyekundu nimsahihishe.
Nikaiweka chini.
Kilikuwa Kiswahili cha kwanza nilichosikia Lukaya
kikimbembeleza mtu.

Juzi jioni Bibi akaniuliza,
bila kunitazama, kama anayeulizia bei
ya kitu asichokusudia kununua:
"Hivi wao, wakiomba, husemaje?"
"Tafadhali."
"Ttaffaali?"
Akacheka mpaka akajishika ubavu.
Tofali! Watu wazima wanaombana kwa matofali!

Lakini usiku, mbwa akiwa amejilaza kizingitini,
nilimsikia akilipima uzito, taratibu,
kama mtu anayejaribu jiwe la kuvukia mto:
"Toka... ttaffaali."
Tebeesigwa aliinua sikio moja.
Hakutoka.
Tangu azaliwe hajaombwa kitu,
hakujua neno hilo alifanyeje.
Bibi akakusanya gomesi yake,
akamruka kwa uangalifu,
akaingia kulala.