Mwezi wa Bati

Mwezi wa filamu ile ulikuwa wa bati.
Fundi Shekuwe wa Mwembe Kuku aliukata
kwenye debe la samli, akaupaka chokaa,
akauning'iniza kwa mshipi juu ya dari ya jirani
aliyeahidiwa kutajwa jina. Hakutajwa.

Ilikuwa Rajabu, Idi ingali mbali,
lakini kamera ya Nasoro Mbwarali ilikuwa ya kukodi,
siku tisa, ya kumi haipo.
Basi Kibokoni nzima ikavaa kanzu,
ikapeana mikono, ikasameheana madeni
chini ya taa, kisha ikaenda nyumbani kudaiana.
Kaimati zilikaangwa mara saba
kwa sababu shangazi wa filamu kila akitafuna alicheka.

Mama ndiye aliyeshona. Magauni kumi na manne, jora moja:
tizama vizuri, nyumba mbili zinazogombana mle
zimevaa ua lile lile.

Ndugu yangu Shebwana, wa miaka sita,
alipewa kazi moja: apite mbio na puto
mbele ya pembea, asitizame kamera.
Akatizama.
Akasimama kabisa, puto likamtoka,
akatutizama kama mtu aliyeitwa kwa jina.
Nasoro alipiga kelele; utepe ulikuwa umekwisha.
Ikaachwa.

Shaabani, surua ikamchukua.
Mfunguo Mosi, filamu ikatoka,
ukutani mwa ghala, juu ya shuka mbili zilizoungwa.

Kisha kanda za kuazimana, kisha runinga, sasa simu.
Kila Idi; huu mwaka wa arubaini na tatu.
Watoto wa Majengo wakiuona mwandamo wa kweli
husema: mdogo, haufiki ule wa bati.
Wasomi nao huja na madaftari, huuliza
yule mtoto anayetutizama ni ishara ya nini.
Mama huwamiminia kahawa, husonya.

Yeye hajaiona nzima hata siku moja.
Hukaa jikoni na pilau yake.
Ila ile pembea isiyotiwa grisi ikianza kulia, kwii, kwii,
hufuta mikono kwa leso, huja hadi mlangoni,
husimama sekunde mbili,
hurudi kufunika sufuria.

Idi hii mjukuu wake, Mwanaidi,
aliigandisha picha kwa kidole:
Shebwana, puto, uso wote kwetu.
"Nikuwachie papo hapo, bibi?"
Mama alimtizama mwanawe
mpaka pilau ikaanza kuungua.
"Muache," akasema.
"Aliambiwa apite mbio."