Swali la Kumi na Saba

Dodoso lilikuja Jumanne, kurasa nne zimebanwa pini,
nikalijaza ukumbini, kalamu haijasita hata mara moja.
Kifua kikuu husababishwa na nini? Bakteria.
Huenea vipi? Kwa hewa.
Kwa kushirikiana kikombe? Hapana.
Kwa laana, kwa baridi, kwa damu ya ukoo?
Hapana, hapana, hapana.
Kikohozi cha muda gani kikupeleke hospitali?
Wiki mbili, niliandika, nikapigia mstari,
binti wa Mwalimu Chitanda wa Mikindani,
aliyezoea kupata vema.

Swali la kumi na saba:
Je, ungekubali kulala chumba kimoja na mtu anayetumia dawa?
Nikatia alama penye Ndiyo.
Wino haukuona haya.

Somoe alirudi likizo Oktoba, kutoka Kitangari,
na mfuko wa makopa, na korosho za kubangua,
na kikohozi.
"Salfa hii," alisema. "Tumepulizia mikorosho miezi miwili,
mashine mgongoni, kanga puani.
Ada haijilipi, dada."
Nami nikaikubali salfa. Nikaipenda kabisa.
Salfa ina rangi, ina harufu, ukifua inatoka.
Wiki ya pili ikapita tukiilaumu salfa.
Jasho la usiku tukalisingizia joto la Novemba.
Sketi ilipoanza kumvuka aliibana kwa pini,
tukacheka, nikamwambia amekuwa mwembamba kama warembo wa gazetini.
Wiki ya tano alikohoa akiwa ameuma mto
ili mimi nisome.
Nilisoma.
Kesho yake nilikuwa na mtihani wa afya ya jamii.

Aliyempeleka Ligula si mimi.
Ni Bi Fadhina, mfagia bweni,
ambaye hakuna aliyempa dodoso ajaze.
Alimsikia kupitia mlango, akaegemeza ufagio ukutani,
akaingia bila hodi:
"Mwanangu, hicho si cha vumbi. Vaa viatu."

Akarudi baada ya wiki kadhaa na vidonge vya miezi sita
na karatasi ya daktari: haambukizi tena.
Niliisoma mara mbili. Niliielewa.
Usiku ule nikafungua dirisha lote,
nikasema joto,
na mvua ya Desemba ikalowesha madaftari yetu wote wawili.
Kitanda changu kikasogea, inchi tatu leo, inchi tatu kesho,
kama kitanda kinachotembea chenyewe.
Alitoka chooni akicheka, "Njoo uone, nakojoa Fanta!"
Nikacheka pia,
nikiwa mlangoni, mkono kwenye kitasa.

Na kikombe chake cha bati, siku aliyokwenda kuchukua dawa,
nilikigeuza chini juu,
nikakitia nukta kwa rangi yangu ya kucha,
nyekundu, ndogo kama punje ya ulezi,
nisije nikakosea.
Mimi.
Niliyeandika hapana.

Machi matokeo yakabandikwa ubaoni karibu na maktaba.
Uelewa wetu ni mzuri, asilimia themanini na tisa.
Mtazamo wetu, wamesema, unatia moyo.
Watu walipita wakisoma huku wanakula miwa,
mmoja akakohoa, wenzake wakampisha njia.
Nilijitafuta ndani ya ile asilimia
na nilikuwemo, mzima, sina kasoro.
Hapakuwa na safu ya ufagio ulioegemezwa ukutani.

Jumapili moja naosha vyombo bombani
nikageuza kikombe changu
nikakuta nukta.
Nyekundu ileile, imepakwa kwa utulivu,
imekaushwa vizuri kabla ya kurudishwa kabatini.
Niligeuza na cha pili. Nukta.
Nilivisuuza muda mrefu kuliko inavyohitajika.

Chumbani Somoe alikuwa anahesabu vidonge kitandani,
midomo ikicheza. Hakuinua macho.
"Chai iko tayari?" akauliza.
Nikamimina vikombe viwili, nikaviweka mezani.
Sikujua tena kipi ni cha nani.
Nikachukua kilichokuwa karibu.
Nikanywa.