Jicho la Vendelin

Košice, Jumamosi ya mwisho ya Septemba.
Karakana ya tramu imefagiliwa, ila sakafu
haijasahau mafuta; yananata kwenye soli,
kila hatua inatoa mlio wa busu.

Nimepewa koti jeupe la mtu mnene,
meza namba kumi na saba, mtungi wa gesi,
chumvi sita katika vikombe vya mayai,
na onyo: usije ukaunguza mtoto wa watu.

Kulia kwangu watoto wa chekechea
wanapuliza mapovu makubwa kuliko vichwa vyao.
Kushoto bibi wawili wanagombea hadubini:
"Nami nimwone huyo kiroboto wa maji!"
"Subiri, Agnesa. Miaka sabini na minane
hukumwona; dakika moja ndiyo itakuua?"
Mbele, mvulana yuko juu ya baiskeli ya umeme.
Akikanyaga, taa inawaka. Akichoka, inasinzia.
Mama yake anapiga picha zote gizani.

Mimi nachovya waya, nautia motoni.
Chumvi ya mezani: njano. Shaba: kijani.
Strontiamu: wekundu wa ulimi wa mgonjwa.
"Uchawi!" anapaza mmoja. "Si uchawi," nasema
kama nilivyofundishwa, "kila elementi
ina sahihi yake, na huitia kwenye nuru."
Maneno mazuri. Nimeyarudia mara arobaini
hata yamechacha mdomoni.

Saa nane akaja Vendelin, anavutwa mkono
na mjukuu wake Radka, stika ya roketi shavuni.
Mzee hakutaka kuja. Kofia ilisema hivyo,
maana hakuivua, kama mtu apitaye tu.
"Babu alifanya kazi kwenye tanuru la chuma,
miaka thelathini na mmoja," Radka akatangaza.
Babu akautazama moto wangu wa kidole kimoja.
Akaguna.

Meza ya jirani, Ondrej alikuwa na kijitanuru
na nondo fupi ndani yake, na kipimajoto
kisomacho kwa mbali, bila kugusa.
"Nani atabahatisha? Zawadi ni kalamu!"
Mia tano. Elfu mbili. Milioni, akasema mtoto.

Vendelin akafumba jicho moja.
Lile jingine lilikuwa na kope fupi,
zilizoungua hata zikakata tamaa ya kuota.
"Mia nane na arobaini," akasema. Kisha:
"Ngoja. Mtu kafungua mlango. Thelathini."
Ondrej akabonyeza. Namba zikacheza, zikatua:
mia nane thelathini na mbili.

Hata baiskeli ilinyamaza.

"Umejuaje?"
"Hiyo ni cheri iliyoiva,
siku moja kabla ndege hajaila.
Cheri ya juzi yake ni mia saba na hamsini.
Ukizichanganya hizo mbili, mtu anakufa."
Akataja jina, chini kwa chini.
Sikulidaka, na sikumwomba arudie.

Ondrej akamsogezea kigoda, akamwachia meza.
Foleni ikapinda hadi kwa watu wa mapovu.
Kila mtoto alifumba jicho moja, akakunja uso,
akataja namba ya ajabu, na Vendelin
hakumcheka hata mmoja. "Juu kidogo," alisema.
"Shuka. Shuka. Sasa itazame tena."
Agnesa akapata mia nane kamili;
akadai kalamu yake, akaijaribu kiganjani,
ikagoma kuandika.

Jioni, tunazoa vikombe, Radka akauliza:
"Na jua, babu? Jua ni ngapi?"
Akanyoosha kidole kwangu. "Muulize mwenye koti.
Mimi sijawahi kulifanyia kazi."

Namba nilikuwa nayo, karatasini, safu ya pili.
"Usoni pake, elfu tano na mia tano," nikasema.

Akageukia dirisha chafu la karakana,
ambamo jua lilikuwa limebaki kipande.
Akavua kofia. Akafumba jicho moja.
Akakaa hivyo muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

"Inawezekana," akasema.