Inchi Mbili

Mlingoti wa kwanza ulikuwa mwanzi. Nilidanganywa na wepesi wake,
na bei. Usiku mmoja upepo wa Agosti ulitoka upande wa Mlimwa
ukauvunja goti moja baada ya jingine.
Asubuhi antena yangu ilikuwa imelala kwenye kamba ya nguo ya jirani,
ikisikiliza shuka.

Wa pili, mkaratusi, niliuchagua kwa unyoofu.
Mchwa wa Veyula hawajali unyoofu.
Walikula pale nilipozika, pale tu,
wakaniachia mti mzuri usio na mguu.

Basi nikaenda Majengo, kwa Chedego muuza vyuma,
na futi kamba mfukoni, na pete ya ndoa
ambayo tangu Ndahani afariki imebaki na kazi hii:
nagonga bomba, nainamisha sikio.

Lililo zima huitika, huendelea kuitika
hata mkono ukishatulia.
Lenye kutu tumboni hukohoa mara moja tu.
Miaka ishirini na sita nilikuwa muuguzi,
nikiita gari la wagonjwa kwa redio ya zahanati.
Kifua najua kukigonga.

"Mama, chukua hili, ona linavyong'aa."
Rangi ni kanzu, Chedego. Nionyeshe mdomo wake.
Ukuta milimita moja! Hili katundikie pazia.
Nipe lile la vumbi, lililong'olewa kisimani Bahi,
lililozoea kubeba uzito wa maji
gizani, bila kusifiwa na mtu.
"Hilo ni inchi mbili," anasema,
na masikio yangu ya uzeeni yanasikia: nchi mbili.
Nikalipa bila kubishana sana.

Nyemo fundi alitaka kuunga vipande kwa kuchomelea juu juu.
Nikamwambia, tia kipande kingine ndani, nusu mita;
kiungo kisicho na mfupa ni ahadi.
Zege nililinywesha jioni saba, maji ya kununua kwa ndoo.
Nyaya tatu za kukaza, kila moja na kigingi chake,
kila kigingi mbali na mbuzi.

Mbeleje alisimama uani mwake akitazama.
"Chuma kirefu hivyo kitafukuza mvua."
Sikumjibu. Ilikuwa Desemba tisa,
shamba lake limeshaberegwa, mbegu za uwele zimo kibuyuni,
mbingu nyeupe kama sufuria iliyosuguliwa.

Usiku nikawasha. Nukta, mstari, nukta:
mtu wa Bukavu, dhaifu, ananiuliza jina,
kisha juu ya sauti yake mikwaruzo mikavu,
karanga zikikaangwa mbali.
Radi. Upande wa Manyoni, labda.
Chuma kiliisikia kabla ya ng'ombe.
Nikamwaga Bukavu, nikachomoa waya, nikautoa dirishani
kama inavyopasa,
nikaenda kumgongea ukuta: Mbeleje, toa kibuyu.

Ikapita Kongwa.
Kwetu halikudondoka hata tone.
Alinicheka siku mbili, na ilikuwa haki yake.

Siku ya tatu, jua halijatoka, ukuta wangu ukagongwa,
taratibu, kama mtu anayechagua bomba.
"We mama. Chuma chako leo kinasemaje?"