Muhuri Namba Kumi na Saba

Ilikaa darini kwa mjomba Zdravko miaka thelathini na ushei,
mgongoni gunia la vitunguu,
na theluji ya Botevgrad ikiidondokea kila vigae vilipochoka.
Hata hivyo nilipoichomeka kwenye umeme
ilijaribu kuamka. Ikakohoa mara moja.
Skrini ikajaa maneno ya Kibulgaria yaliyolewa,
kila herufi imevaa sura ya jirani yake.

Nikaipandisha ghorofa ya nne kwa Tsvetana Doncheva,
kwa miguu, lifti ilishakufa tangu vuli.
"Zima," alisema kabla ya salamu.
"Mgonjwa anatapika, wewe unamwongeza chakula?"

Kazi yangu ilikuwa kushika taa.
Yake, kwanza, kunusa.
Akafungua kifuniko, akainama, akafumba macho.
"Samaki. Mnasikia samaki?"
Aliuliza kwa wingi, ingawa tulikuwa wawili.
Kapasita mbili zilikuwa zimevimba utosi,
zimechuruzika mchuzi wa kahawia hadi kwenye skrubu.
Mita ikasoma volti nne na nusu
pahali pa tano.
"Hii ni njaa," akasema, "si kifo."

Akazing'oa, akapachika mpya. Tano kamili.
Tukawasha.
Ulevi ule ule.

Mimi nilianza kutafuta koti langu,
yeye ndipo alipovuta kiti karibu.
Akalamba chanda, akakipitisha juu ya chipu za kumbukumbu
kama mtu anayepima pasi:
vuguvugu, vuguvugu, vuguvugu,
baridi.
Akarudi kwenye ile baridi. Akaikandamiza.
Maneno yakalevuka.
Akaondoa chanda, yakalewa tena.
Akacheka kidogo, puani.
"Chipu haina kosa. Inataka kushikwa tu."

Bodi ikageuzwa tumbo juu, chini ya lenzi,
na pale, kuuzunguka mguu mmoja,
ufa mwembamba kuliko ukope:
lehemu iliyoganda kabla haijashika.
Kando yake, wino wa zambarau usiochuja,
muhuri wa mkaguzi. Kumi na saba.

Taa ilinitetemeka mkononi, sikujua kwa nini.
Yeye alinyamaza kitambo.
"Kumi na saba nilikuwa mimi."
Kisha, akitafuta miwani iliyokuwa machoni pake:
"Au Yordanka, nilipokuwa hospitali na mimba ya Plamen.
Au yule mrefu, wa zamu ya usiku, jina limenitoka.
Muhuri ulikuwa mmoja, mikono mitatu.
Na mwisho wa mwezi, mwanangu,
bodi zilikuja kama mvua ya mawe,
chuma hakikupata hata nafasi ya kupata moto."

Akakipasha chuma chake. Akangoja.
Akangoja tena, kupita kiasi, nilidhani amesahau.
Halafu moshi mmoja wa ulimbo,
sekunde mbili,
na tone likatulia, linang'aa.

Skrini ilitoa mstari mmoja safi
na kimraba kinachopepesa, kinasubiri.
"Andika kitu," nikamwambia.
Akaitazama kibodi kama ngazi ya nyumba ya wenyewe.
Bodi elfu ngapi zilipita mikononi mwake hakumbuki,
ila hakuwahi kukaa mbele ya hata moja kama mwenyeji.

"Herufi Ц iko wapi?"
Nikamwonyesha.
Akalamba chanda kwa mazoea,
akaigusa haraka, kama inayounguza.