Ukoko wa Maji

Saa mbili asubuhi, simu ya kwanza:
Bibi Henneberger wa Ebersteig, ghorofa ya tatu.
Mashine yake ya kufulia inasaga meno,
na mashuka yanatoka baridi, makavu ya sura
kama mkate wa juzi.
Najua kabla sijapanda ngazi.
Mwaka wa thelathini na moja huu, najua.

Naigeuza, nafungua mgongo, nalegeza nati,
naivuta koili polepole kama jino.
Hii hapa. Imenenepa, nyeupe,
imevaa koti juu ya koti juu ya koti.
Moto uko ndani unajichoma wenyewe,
maji yako nje yanangoja,
na kati yao ukuta usio na mwashi.

Haba na haba, husemwa, hujaza kibaba.
Huku kwetu Franken huua koili.

Msinielewe vibaya, maji yetu ni masafi.
Yanang'aa, yana ubaridi mtamu, yamepimwa.
Ila yamepitia mlimani,
na mlima haumwachi mgeni aondoke mikono mitupu:
humtia chokaa mfukoni,
chokaa ya kome na konokono wa bahari
iliyokauka kabla hajazaliwa mtu wa kuipa jina.
Mzabibu unaipenda.
Mwenye shamba anaisifu, anaiuza kwenye chupa
kwa bei ya jozi ya viatu.
Pasi haijui kusifu. Pasi inaitema
vipande vipande juu ya shati la harusi.

Baba yangu, Gottlieb, alikuwa mvunja mawe
katika timbo nyuma ya kanisa.
Jiwe lile lile.
Yeye alilitoa kwa nyundo, mimi nalitoa kwa siki.
Yeye alirudi na vumbi kwenye nyusi,
mimi narudi nikinuka achari.
Siku aliyoniona kazini alicheka hadi akakohoa:
"Mimi nililifuata kwa miguu, mwanangu.
Wewe unaletewa kwa bomba."

Koili mpya ilipokwisha kaa mahali pake
nikataka kumfanyia bibi hisani.
Nikalichukua birika lake, nikamimina siki, nikachemsha.
Ukoko ukabanduka kwa vigae,
mmoja mkubwa kama sarafu, una mistari ndani,
mwaka juu ya mwaka.
Nikasuuza mara tatu. Akapika chai.
Akaonja.
Akanitazama kama mtu aliyeingiliwa na mwizi.
"Hii chai haina kitu."

"Maji ni yale yale, bibi," nikamwambia.
"Birika tu ndilo limevuliwa koti."

Akageuza kikombe, akatazama utando wa juu
ukipasuka kama barafu ya dimbwi.
"Kumbe miaka yote hii," akasema,
"nilikuwa nakunywa koti."

Sikujua kama anacheka.
Nikaandika hesabu yangu, nikamwachia paketi ya dawa,
nikamweleza kijiko kimoja, kila mwezi, asisahau.
Akaitikia kwa kichwa
jinsi watu wanavyomwitikia mchungaji.
Miaka minne hivi, tutaonana tena.

Jioni nyumbani, mganga hajigangi:
birika letu nikilitikisa linalia njuga.
Glasi zina ukungu wa asubuhi saa moja ya usiku,
na bomba la bafu linarusha maji kila upande
isipokuwa ule niliosimama.
Nakunywa chai yangu hadi chini.
Funda la mwisho lina punje.
Naisaga kwa gego,
na kwa nukta moja kinywa changu ni timbo,
kuna mtu anapiga nyundo.

Irmtraud ananiuliza toka sebuleni
lini nitaliosha birika hilo.

Jumamosi, namjibu.

Leo ni Jumamosi.